Punje ya Kahawa Mguuni mwa Mzee Rwegasira

Wanangu wa kliniki ya ngozi, tangu siku mliyoniaga hamjanipa nafasi ya kupumua. Kila mkinikuta sokoni ni "Sista Zubeda, andika, sisi tujifunze." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopewa vilikuwa vichache, na kimoja kilikuja na jina la mtu mwingine. Mshahara mnaujua, mnapokea huohuo. Nitaandika habari ya kosa langu moja dogo ambalo lilitoka Bukoba, likazunguka ulimwenguni likiwafelisha madaktari, kisha likarudi kunitafuta mlangoni. Kama mmeisikia ikisimuliwa vingine, shikeni hii ya kwangu. Mwenye kosa ndiye anayelijua vizuri.

Nililetwa kliniki ya ngozi kama adhabu. Nilikuwa wodi ya wazazi, nikabishana na mkubwa wangu kuhusu mashuka, na yeye akaamua kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu atafaa zaidi kwa watu wanaojikuna. Chumba mnakijua, kile cha mwisho wa korido, chenye dirisha moja linalotazama ziwani. Enzi hizo kilikuwa na kitanda, meza, pazia la kujifichia lililotiwa viraka, na Mzee Kaijage. Mzee Kaijage alikuwa tabibu, si daktari, na hakupenda mtu achanganye.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Unaogopa kumshika mtu mwenye upele?"

Nikasema siogopi.

"Basi mshike huyo."

Aliyekuwa amekaa pale ni mkulima kutoka Muleba mwenye upele wa kuambukiza tangu vidoleni mpaka kiunoni. Nikamshika mikono yote miwili, nikamsalimia, nikamuuliza habari za migomba yake. Wiki ya pili nilikuwa najikuna kuliko yeye. Mzee Kaijage alinipa dawa ya kupaka, akaniambia sasa nimeandikishwa rasmi.

Nilichojifunza kwake ndicho nilichofanyia kazi maisha yangu yote. Mgonjwa apelekwe dirishani, kwa kuwa taa ya umeme ni mwongo. Ngozi yetu ikivimba haiwi nyekundu kama wanavyosema vitabuni, inakuwa nyeusi zaidi na ya moto, kwa hiyo ishike kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto. Na usianze kumuuliza mgonjwa ameumwa tangu lini, muulize amepaka nini. Hapo ndipo utasikia mambo. Nimewahi kutibu fangasi iliyopakwa mafuta ya breki, na jipu lililopakwa dawa ya meno, ile ya mistari mitatu. Mwenyewe aliniambia ile ya rangi moja haina nguvu.

Tena alisisitiza kupima. Kidonda kisipopimwa, alisema, kila mtu atasema kinapona, hata yule anayeoza. Tulikuwa na rula moja ya plastiki. Siku moja ofisi ya utawala waliiazima wachore mistari kwenye kitabu cha mahudhurio. Nilimfuata karani mara nne. Mara ya nne akanionyesha kitabu, mistari imenyooka vizuri kabisa, akasema rula yenyewe hajui ilipoelekea. Tukaandika barua ya kuomba nyingine. Barua ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa, na mpaka nastaafu lilikuwa bado limepokelewa.

Mzee Kaijage alikuwa Mhaya wa kutafuna kahawa asubuhi mpaka jioni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa punje moja iliyobanguliwa, ile yenye mfereji katikati, akaiweka mezani. "Hii kila mtu wa Kagera anajua ukubwa wake," akasema. Tukaanza kupimia kahawa. Kadi za wakati huo mkizikuta msicheke. Zimeandikwa, "Kidonda kifundo cha mguu, punje nne kwa tatu," na wiki mbili baadaye, "punje tatu kwa mbili, anaendelea vizuri." Punje yenyewe tuliitunza kwenye kichupa cha dawa ya macho, na jina lake likawa Rula.

Rula wa kwanza aliliwa. Mama mmoja kutoka Izigo alikuwa amekaa anasubiri kupimwa, nikamwekea punje mkononi karibu na mba zake, nikageuka kuchukua kadi. Kwa Wahaya mgeni anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na yeye alikuwa mtu wa adabu. Niliporudi anatafuna. Akaniambia, waitu, kwa ile heshima ya Kihaya ya kumwita mtu ndugu, ahsante, ila haijachemshwa.

Siku hiyohiyo aliingia Mzee Rwegasira, fundi wa mitumbwi kutoka kisiwa cha Bumbire. Alikuwa na ugonjwa ule wa fangasi wa kwenye miti, unaoingia kwa kibanzi kidogo na kuota taratibu kama sugu, miaka na miaka, mpaka mguu unakuwa kama gome. Wake ulikuwa wa kulia, mbele ya muundi. Juu yake, karibu na goti, palikuwa na kovu la tezo, kile kishoka cha kuchongea mitumbwi, limepinda kama herufi ya S. Tulikuwa tumepewa kamera ndogo ya msaada, na mimi ndiye mpiga picha. Nikamlaza, nikatafuta Rula, nikakumbuka Rula yuko tumboni mwa mama wa Izigo.

"Mzee," nikamwambia, "una kahawa mfukoni?"

"Ninayo, waitu. Utatafuna?"

"Napimia. Nitakurudishia."

Alikuwa na iliyochemshwa ya kutafuna, na punje mbili tatu zilizobanguliwa, sampuli aliyochukua kwa mnunuzi. Nikachukua moja ya hizo, nikailaza juu ya ngozi yake pembeni ya ugonjwa, nikapiga picha. Punje nikaitia kwenye kichupa. Na chini ya ile picha sikuandika neno lolote. Kwa nini niandike? Nani duniani asiyeijua kahawa?

Hilo ndilo kosa langu. Mengine yote yaliyofuata ni riba yake.

Mzee Rwegasira alimeza dawa zaidi ya mwaka, akapona, akabaki na kovu linalong'aa, akawa anakuja kuangaliwa kila mwaka na samaki mkononi. Kati ya hapo alitutembelea profesa mmoja wa nje, mtu mpole sana, aliyekuwa akikusanya picha za ngozi. Tukampa nakala za picha zetu zote kwa moyo mweupe, naye akatuachia kalenda. Akaondoka. Mzee Kaijage akastaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Nikabaki mimi, dirisha na kichupa.

Ndipo akaja Dokta Elisha.

Elisha ni mtoto wa Izigo, wa familia ya Kilutheri, mama yake anaimba kwaya. Alikwenda kusomea udaktari wa ngozi katika nchi ya baridi, akakaa huko miaka kumi na moja. Alirudi na vitabu vizito vya picha, kila ngozi ndani yake nyeupe kama ugali wa sembe. Alikuwa na akili nyingi na adabu nyingi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimepata baridi. Wiki ya kwanza nilimwandikia kadi ya mwalimu mmoja wa Muleba: "Mwanamke mwekundu, miaka thelathini, fangasi ya kiuno." Ninyi mnaelewa. Ni mtu mweupe wa rangi, basi. Yeye akasoma mwekundu, akakumbuka ule ugonjwa wa ngozi kuwaka nyekundu mwili mzima unaoua watu, akatoka mbio koridoni anaomba machela, dripu na wodi ya mahututi. Mwalimu wa watu alilazwa nusu saa nzima kwa sababu ya uzuri wake. Alipoeleweshwa alikataa kushuka kitandani mpaka Dokta arudie ile sababu mbele ya mume wake.

Nilimpenda tangu siku hiyo, kwa sababu alicheka. Kisha akaniomba nimfundishe. Nikampeleka dirishani, nikamfundisha mgongo wa mkono na maswali ya nini amepaka. Katika miezi sita alikuwa anasoma ngozi yetu kuliko mimi. Watu walikuwa wakivuka kutoka Bumbire mpaka Kemondo, wanapanda gari mpaka mjini, wanauliza "yule daktari wa ngozi anayeshika watu."

Tatizo likawa cheti. Cheti cha kule kilisema Elisha ni daktari wa ngozi. Huku wakasema kwamba ni kweli ni daktari, ila ngozi haijathibitishwa. Ili ithibitishwe, ilibidi afanye mtihani wa kimataifa wa waliosomea nje: sehemu ya kuandika, sehemu ya picha mbele ya watahini watatu kwa video, na sehemu ya kuonyesha mgonjwa wake mwenyewe. Nafasi ni tatu. Ukifeli ya tatu, basi tena, utatibu malaria mpaka uzeeke. Na hospitali ilishatoa tangazo kwamba bila bingwa aliyethibitishwa kliniki ya ngozi itafungwa, na chumba kitakuwa stoo ya magodoro. Wagonjwa waende Mwanza. Nani wa Bumbire atakwenda Mwanza kwa ajili ya mwasho?

Sehemu ya kuandika alifaulu mara ya kwanza. Picha akafeli kwa alama moja. Nikamwambia ni bahati mbaya. Akarudia, akafeli tena, alama ileile moja. Nikaanza kumtazama vibaya. Siku hiyo alikaa kwenye kile kitanda cha wagonjwa, akaning'iniza miguu kama mtoto anayesubiri sindano.

"Sista," akasema, "nimesaini kiapo kwamba sitasema kilichomo kwenye mtihani."

"Basi usiseme."

"Lakini kama, nasema kama, mtu angeonyeshwa picha ya mguu wenye fangasi ya miti. Na pembeni ya ugonjwa kuna kitu kidogo cha mviringo, rangi ya majani makavu, kina mfereji katikati. Wewe ungesema ni nini?"

"Kahawa," nikasema. "Mtu gani hajui kahawa?"

Akafunika uso kwa mikono miwili. "Ndivyo nilivyosema. Mara zote mbili. Mara ya kwanza walidhani natania, maana kahawa wanayoijua wao ni nyeusi, imeshakaangwa. Mara ya pili walinionya. Jibu lao ni kinundu mtoto, yaani ugonjwa umezaa pembeni. Kina jina kabisa kwenye mwongozo wa kusahihishia: kinundu mtoto chenye mfereji wa katikati."

Nikamsogelea. Nikauliza taratibu, "Mguu wa kulia?"

"Wa kulia."

"Una kovu karibu na goti? Limepinda hivi?" Nikachora S hewani kwa kidole.

Akaondoa mikono usoni. Nikaenda kabatini, nikatoa kile kichupa cha dawa ya macho, nikakitikisa mbele yake. Kikalia.

Wanangu, nimezika watu, nimeona mengi, lakini aibu ya siku ile sijawahi kuipata tena. Miaka yote hiyo, madaktari waliosoma mpaka wakapata upara wamekaa mbele ya picha yangu, wengine wamefeli kwa kusema kweli na wengine wamefaulu kwa kutibu kahawa. Yote kwa sababu mimi sikuandika maneno matatu chini ya picha.

Nikawaandikia barua. Elisha alinisaidia Kiingereza. Nikaeleza mimi ni nani, mguu ni wa nani, rula ilikwenda wapi, na Rula wa kwanza aliliwaje. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, lenye muhuri na heshima zote. Walisema picha hiyo imetumika miaka mingi bila malalamiko. Walisema pia kwamba wamelikagua swali kwa hesabu na kukuta ni zuri mno, kwa kuwa watahiniwa wanaokiona kinundu ndio haohao wanaofaulu maswali mengine. Kuhusu ushahidi wangu, walisikitika kwamba hawawezi kuupokea, maana mimi si bingwa wa ngozi aliyetambuliwa. Ila wakanikaribisha kwa moyo mkunjufu nijisajili kwa mtihani.

Nilisoma ile barua mara tatu. Kisha nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwita Elisha, nikafunga mlango.

"Mwanangu, sema kinundu."

"Sista."

"Sema kinundu, upite, urudi uwatibu watu. Kahawa haitakasirika."

Akatikisa kichwa. "Nikikubali leo kwamba kahawa ni ugonjwa, kesho nitaikuta kwa mgonjwa nimkate."

"Hapa Bukoba ukimkata kila mwenye kahawa utamaliza mkoa. Utajua tu. Sema kinundu."

Mama yake naye alimwambia hivyohivyo, na mchungaji, nasikia, alisema atalifikiria. Mwishowe Elisha akaniahidi. Alisema, "Nitasema kinundu, Sista," kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Ikabaki sehemu ya mgonjwa wake mwenyewe. Kanuni zilitaka mgonjwa aliyetibiwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu. Elisha akaniachia mimi nichague kwenye rejista. Sitawaambia nilichokuwa nawaza, lakini nilituma ujumbe Bumbire. Kanuni nilizisoma zote. Zilisema mgonjwa na muuguzi wake wakae nyuma ya pazia, wasizungumze mpaka waitwe. Hazikusema mgonjwa asiwe mwenye mguu ule wa kwenye picha.

Mzee Rwegasira alifika asubuhi, amevaa koti la kanisani na suruali mpya aliyoshonewa kwa ajili ya mtihani. Suruali ilikuwa nyembamba chini, haikunjiki. Tulivuta, tukasukuma, wapi. Ikabidi aivue, nikamfunga khanga yangu ya akiba iliyokuwa kabatini. Imeandikwa UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Wallahi sikuichagua, ndiyo iliyokuwepo. Tukakaa nyuma ya pazia, yeye na koti lake na khanga yangu, mimi na kichupa mfukoni mwa gauni.

Pazia lile mnalijua lina tundu, kiraka kilibanduka. Kwenye skrini niliwaona watahini watatu. Mkuu wao alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wa pili alikuwa na ndevu. Wa tatu alionekana paji la uso tu, halikusogea tangu mwanzo, nikadhani mtandao umemkamata.

Picha zikapita. Elisha alijibu vizuri, bila haraka. Mpaka ukaja mguu.

"Eleza unachokiona," akasema yule mama.

"Naona mguu wa kulia wa mtu mzima," Elisha akasema. "Mbele ya muundi kuna uvimbe wa siku nyingi, mgumu, wenye magamba. Nafikiria fangasi wa chini ya ngozi aliyeingia kwa kijeraha."

"Na pembeni?"

Nikaomba dua kimyakimya. Sema kinundu, mtoto wa watu. Sema.

"Pembeni," Elisha akasema, "pembeni kuna..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Pembeni kuna punje ya kahawa. Samahani. Nilikusudia kusema kingine, lakini ni kahawa."

Yule mama akashusha kalamu. Mwenye ndevu akatikisa kichwa, akaanza kuandika. Mimi nikajishika kichwa, nikaona magodoro yanaingia mlangoni moja moja.

Mzee Rwegasira naye alikuwa ameshapata tundu lake kwenye pazia. Akanigusa bega. "Sista," akasema, na sauti ya fundi mitumbwi haijui kunong'ona, "ule si mguu wangu?"

Nikaweka kidole mdomoni.

"Nauliza tu, waitu. Mguu wangu umefikaje kwa Wazungu?"

"Nani yuko hapo?" akauliza yule mama kutoka kwenye skrini.

Kabla sijamshika, Mzee ametoka. Akajitokeza mbele ya kamera na koti la kanisani na khanga, akavuta kiti, akapandisha mguu wa kulia juu yake, akafunua. Kovu la tezo likawa pale kwenye chumba, na kovu la tezo likawa pale kwenye picha. Elisha alitazama huku na kule. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa hajaangalia rejista kabisa, aliniamini tu.

"Daktari," yule mama akasema, "huyu ni nani?"

"Ni mgonjwa wangu wa sehemu inayofuata," Elisha akajibu. "Na pia ndiye picha yenu."

"Waambie hiyo kahawa ni yangu," Mzee akasema. "Sista aliniomba apimie, akasema atanirudishia. Mpaka leo."

Elisha akatafsiri yote, pamoja na "mpaka leo."

Mwenye ndevu akainama karibu na kamera yake. "Muulize, kile kinundu kiliondolewa lini?"

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikatoka nyuma ya pazia, nikakiinua kichupa mbele ya skrini, nikasema kwa Kiingereza changu cha wodini kwamba hakikuondolewa, kipo hiki hapa, nimekaa nacho kabatini miaka yote. Mwenye ndevu akakitazama kwa muda mrefu. Akasema ingefaa kikatwe vipande vyembamba, kichunguzwe kwa hadubini.

Mara lile paji la uso likasogea. Kumbe lilikuwa hai. "Mimi niliandika zamani sana," likasema, "kwamba kile kitu kinafanana na kahawa. Sikujibiwa."

Yule mama akavua miwani ya machoni, akabaki na ya kichwani. Macho yake yalionekana yamechoka.

"Nilipofanya mtihani huu," akasema, "mimi nilisema kinundu. Nilipata alama zote." Hakuonekana kutuambia sisi. Kisha akauliza khanga ya mgonjwa imeandikwa nini. Elisha akamtafsiria. Akaandika kitu, akasema tuendelee na sehemu ya mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa, kama anavyoona, yuko tayari.

Tulisubiri matokeo wiki tano. Nilibakiza wiki moja kustaafu, na stoo walishakuja kupima chumba kwa kamba ya katani, maana nao hawana rula. Barua ilipofika Elisha hakuweza kuifungua, nikaifungua mimi. Walisema katika sehemu ya picha amepata sifuri kwa kile kitu cha pembeni, kwa sababu mwongozo wa kusahihishia hauwezi kubadilishwa mtihani ukiwa umeshaanza. Katika sehemu ya mgonjwa, hata hivyo, amepata alama ambazo hawakuwahi kumpa mtu, kwa kuwa haikuwahi kutokea mtahiniwa akaleta ushahidi wa namna ile. Ziada hiyo imefidia alama iliyopungua kwenye picha, na kwa jumla amefaulu. Nilikaa chini nikalia, nasema wazi, nililia mpaka mgonjwa wa nje akagonga kuuliza kama dawa inauma.

Siku ya kuniaga mlikuwepo, mnakumbuka ndizi na samaki na zile hotuba. Kilichotokea kabla hamjaingia hamkijui. Kilikuja kifurushi kutoka kwa wale wa mtihani, chenye jina langu. Ndani mlikuwa na rula mpya, ya chuma, nzuri, pamoja na maelekezo kwamba itumike katika kila picha kuanzia sasa. Ilikuwa ya inchi tupu. Dokta Elisha aliigeuza upande wa pili kutafuta sentimita, hazikuwepo. Ndiyo ile mnayofungulia makopo ya marhamu.

Mzee Rwegasira alikuwa amekuja kuniaga. Nikakitoa kichupa, nikamtolea punje yake, nikampa kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kwa kuchelewa. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama Mzee Kaijage alivyotufundisha, kisha akaitia mdomoni, akatafuna. Ile iliyowafelisha madaktari wa mabara yote akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

"Imezeeka," akasema.

Elisha alikuwa amesimama na kichupa kitupu mkononi. "Sista," akaniuliza, "sasa tutapimia nini?"

Mzee akaingiza mkono kwenye koti la kanisani, akatoa punje nyingine, akampa. Elisha akaipokea, akaitia kwenye kichupa, akakifunga. Kisha akakata kipande cha plasta, akakibandika ubavuni, akachukua kalamu yangu, akaandika kwa herufi kubwa: HII NI KAHAWA.